Sauti Yako kwenye Simu za Beni

Butembo, Mususa
Siku moja kabla hujaondoka

Kavira mwanangu,

Mama yako amemaliza upande wake. Amekwambia habari za sweta, kwamba Beni kuna joto lakini asubuhi usidanganyike. Amekwambia habari za maji ya kuchemsha, za kanisa utakalosali, na za vijana wa Mulekera wanaoendesha pikipiki kwa mkono mmoja. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta nikisikia unavyojibu "ndiyo mama, ndiyo mama", nikajua uliacha kusikiliza tangu kwenye sweta. Kwa hiyo usiogope, barua hii haina sweta.

Niko atelye, kwenye karakana yetu. Bado ni mchana, lakini nimefunga mlango nusu na wateja nimewaambia leo fundi ana kazi. Kazi yenyewe ndiyo hii. Nimekaa kwenye kiti chako, na mbele yangu kuna ile simu ya mezani ya shule ambayo hukuimaliza. Usihangaike nayo, nitaimaliza mimi.

Kuna jambo unadhani unalijua, Kavira, na hulijui. Unadhani Mama Masika, mwenye ghala la dawa kule Beni, alikupigia simu Jumanne ile akikuita urudi kazini kwa sababu miaka miwili imepita na hasira zake zimepoa. Nilikusikia ukimwambia mama yako hivyo jikoni, nikiwa nanawa mikono, nikanawa mara mbili ili nisiingie. Hasira za Mama Masika hazipoi hivyo, muulize mume wake. Alikupigia kwa sababu nilikwenda Beni nikamwambia ukweli. Sitaki uingie kwenye ile depo ya dawa ukitembea polepole kama mtu aliyesamehewa. Hukuwa na cha kusamehewa.

Nianze mbali kidogo, maana kuficha kosa sikujifunza siku ile ya Beni. Nilijifunza nikiwa kijana.

Kabla simu za mkononi hazijafika kwetu nilikuwa opereta wa fonii, redio ya kupeleka sauti mbali. Wewe umeona tu ile redio kuukuu iliyo juu ya kabati, hujaiona ikifanya kazi: betri ya gari chini ya meza, waya umepanda juu ya bati, na wafanyabiashara wamepanga foleni mpaka barabarani wakisubiri kuzungumza na Kisangani. Aliyekosa nafasi ya kungoja aliniachia ujumbe kwenye kikaratasi, nami nikausoma hewani zamu yake ikifika. Siku moja mzee wa Vuhovi, mkulima, aliniachia ujumbe wa mwanawe aliyekuwa Kisangani. Nikautia mfukoni mwa shati. Shangazi yako akalifua lile shati. Mzee aliporudi kuuliza jibu, nikamwambia hewa ilikuwa mbaya.

Kila mtu aliijua hewa ya fonii. Mvua ikinyesha mbali huko, sauti zinapotea, na hakuna wa kumlaumu. Mzee akanipa pole. Kesho yake alishuka tena kutoka Vuhovi akiwa na kabichi mbili kubwa, akasema ni kwa ajili ya taabu niliyopata. Nilizila, Kavira, na zilikuwa tamu. Tangu hapo nikawa na hewa mbaya yangu kwa kila jambo: umeme, barabara, mtandao, betri mbovu. Ukifanya kazi ya mawasiliano huwezi kukosa cha kusingizia.

Halafu ikaja ile kompyuta. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Yule kijana fundi aliyepita hapa akielekea Goma alituwekea ndani yake programu ya standard ya simu, ile inayopokea simu na kuzigawa kwa namba za ndani, akatuonyesha siku mbili, akaenda zake. Leo wewe unaielewa kuliko mimi, lakini unakumbuka nilivyokuwa nayo mwanzoni. Walioitengeneza wameiacha wazi, kila mtu anaichukua bure, anaifungua, anaona ilivyoandikwa, anaibadili apendavyo. Mimi nilikuwa nautafuta mtego ulipo. Standard zinazotoka Ulaya ni za benki na za watu wakubwa, lakini kwa hii kompyuta kuukuu, simu chache za mezani na betri ya jua, shule ya mtaani ingekuwa na poste zake kumi na mbili, simu za ndani, kama wizara. Nilikuwa nasema haiwezekani, na huku naifunga kwa mteja wa tatu.

Kiingereza kilinishinda, kwa hiyo wewe ndiye uliyekuwa unanisomea. Kuna ukurasa ule wanapoandika mabadiliko, kila badiliko na jina la aliyelifanya. Siku moja ukanisomea maneno ya mtu mmoja, wa nchi gani sijui: hili nililiharibu mimi wiki iliyopita, nimelirekebisha, samahani. Na jina lake chini, wazi. Nilicheka sana. Nikasema mtu huyu hana wakwe, vipi anajiandikia kosa mbele ya dunia nzima? Wewe hukucheka.

"Papa," ukasema, "kama alificha, siye ba huku tungejua namna gani pa kutengeneza?"

Nikakwambia uendelee kusoma. 

Sasa nije Beni. Ile kazi ya Mama Masika ilikuwa kubwa kuliko zote tulizowahi kupata, depo inayohudumia vituo vya afya mpaka vijijini. Wewe ulipanda ngazi, ukapitisha waya juu ya dari, ukabana vichwa vya waya mpaka vidole vikatoka malengelenge. Na sauti ya kupokea wageni ilikuwa yako. Uliirekodi mara nane kwa sababu jogoo wa jirani hakutaka kunyamaza. "Karibu kwetu. Kwa Mama Masika bonyeza moja. Kwa Kambale bonyeza mbili." Baada ya mwezi mmoja wauguzi wa Beni nzima walikuwa wanaijua sauti yako, hata sokoni ulipouliza bei mtu aligeuka.

Ulinishauri kitu siku ile na nilikikataa. Ulisema tusipange kwa majina, tupange kwa kazi: frigo ya kuhifadhia dawa, magari, malipo. Nikacheka tena. Nikakwambia kwetu mtu hatafuti frigo, anamtafuta mtu. Na ni kweli, mtu wa Butembo akipiga simu anasema nipe Kambale, hasemi nipe idara. Lakini mimi Mnande mzima, mwana wa Wanande, nilisahau kitu ambacho hata mgeni anakijua akikaa kwetu wiki moja. Jina kwetu linafuata zamu ya kuzaliwa. Mtoto wa kwanza wa kike ni Masika, wa pili ni Kavira, kama wewe. Mvulana wa pili ni Kambale, katika kila nyumba, kutoka mlima hadi mlima. Ukikusanya watu kumi kazini, Kambale hawezi kuwa mmoja. Kwa mdomo hatupotezani, tunasema Kambale wa frigo, Kambale yule mrefu. Mashine haina mdomo huo.

Mwanzoni depo ilikuwa na Kambale mmoja, anayetunza frigo ya dawa za baridi. Baadaye Mama Masika akaajiri dereva, naye ni Kambale. Akaniomba nimwingize kwenye mashine. Nilikwenda peke yangu, saa ya chakula, depo imebaki na mlinzi tu, na wewe ulikuwa hapa Mususa ukifunga simu za mteja mwingine. Mvua ilikuwa inakusanyika na gari la kurudi Butembo lilikuwa linapiga honi. Nikaandika jina Kambale, nikaweka namba ya simu ya mkononi ya dereva, nikafunga kompyuta. Ile mashine ikikuta jina moja mara mbili inashika la mwisho. Nilikuwa nalijua hilo, wewe mwenyewe ulikuwa umenisomea. Na kila baada ya badiliko tunapiga kila namba kujaribu, hiyo nilikufundisha mimi. Siku ile sikujaribu hata moja.

Yaliyofuata uliyasikia, lakini nataka uyasikie kutoka kwangu. Siku tatu baadaye mama mmoja alijifungua kwenye kituo cha afya na damu ikakataa kusimama. Dawa waliyokuwa nayo ilikuwa imekwisha. Muuguzi akapiga depo, akasikia sauti yako ikimkaribisha, akabonyeza mbili. Simu ikaenda kumtafuta dereva, naye yuko milimani ambako hakuna mtandao. Akapiga tena. Kwa asubuhi nzima sauti yako ilimkaribisha, na Kambale wa frigo alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwenye simu yake iliyonyamaza, akipanga maboksi, akishangaa leo kumetulia. Mwishowe yule muuguzi aliachana na simu, akamtuma mtu wa pikipiki.

Dawa ilifika. Mama yule aliishi, na mtoto wake aliishi. Mpaka leo nashukuru Mungu kwa yule mtu wa pikipiki ambaye hata jina lake silijui.

Kesho yake tulikuwa Beni, mimi na wewe. Mama Masika alisimama katikati ya depo, akina Kambale wawili wamesimama ukutani. Hakupaza sauti. Alisema sauti kwenye simu ni ya huyu mutoto, halafu akauliza, "Ni nani aliandika majina mu mashini?"

Kavira, nilikuwa natafuta hewa mbaya yangu. Nilikuwa nimefika kwenye umeme, nikaona hautoshi, nikawa nakwenda kwenye mtandao. Na wewe ukanitazama, ukatazama mikono yangu, ukasema, "Ni miye, Mama. Nilikosea."

Ningeweza kusema neno moja tu, na nilikuwa na nafasi ya kulisema.  Mama Masika akasema hataki kukuona tena karibu na simu zake, na akaniambia mimi nirekebishe kisha nirekodi sauti nyingine. Nikarekebisha. Nikarekodi yangu. Jogoo safari hii alinyamaza.

Njiani nilikununulia mahindi ya kuchoma. Ulikula nusu, ukalala, au ulijifanya umelala. Mimi nikawa najiambia maneno. Kwamba wewe bado mdogo, watu wa Beni watasahau. Kwamba mimi nina nyumba ya kulisha na kiti cha mzee kanisani, na mteja yule akiondoka wengine watamfuata. Kwamba ni wewe uliyejitolea, mimi sikukutuma. Hili la mwisho ndilo lililonisaidia zaidi, na ndilo lililo baya kuliko yote.

Watu wa Beni hawakusahau. Ulitaka tangu zamani kufungua atelye yako kule, ulikuwa hata umechagua mtaa. Ukaacha kuizungumzia. Mama yako aliponiuliza kwa nini, nikamwambia msichana amekua, amebadili mawazo. Miaka miwili nimekuona ukikaa kwenye kiti hiki ukiunga nyaya za watu ambao hutawahi kuwaona, na mimi nikienda Beni kila mwezi na begi la kazi ambayo ni yako.

Kilichonivunja ni kitu kidogo. Shule yenye simu hii ya mezani iliomba sauti ya kupokea wazazi, nami nikakupa karatasi ya maneno kama zamani. Ukaisoma, ukanirudishia. Ukasema kwa upole, "Papa, tafuta sauti ingine." Ukaendelea na waya wako. Hukukasirika. Ungekasirika ningejua la kufanya.

Jumanne iliyofuata nilikwambia nakwenda kuangalia betri ya mteja. Nilikwenda Beni. Nilimwomba Mama Masika awaite akina Kambale wote wawili, wasimame palepale ukutani, nikasema nilichokuwa nimekuja kusema. Kwamba majina niliyaandika mimi. Kwamba siku ile Kavira hakuwa hata Beni. Kwamba alinishauri njia nzuri na nikamcheka, na kwamba aliposema ni yeye nilimwacha aseme. Nilifika mwisho.

 Mama Masika akauliza, taratibu kabisa, kama mtu anayehakikisha anwani, "Papa Mumbere, donc myaka mbili nilikatala fundi muzuri, nikabakia na mubaya?"

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Kambale wa frigo akakohoa ili asicheke. Dereva hakukohoa, alicheka. Na mimi, sijui ilitoka wapi, nikacheka pia, machozi yakinishuka, na Mama Masika akaniambia nikae chini kabla sijaanguka juu ya dawa zake. Kisha akaniambia niandike hilo kosa kwenye mashine, pale tunapoandika mabadiliko, na jina langu. Nikaliandika. Ukifungua utalikuta. Nikiwa bado naandika, akainua simu ya mezani akakupigia, na kutoka pale nilipokaa nikasikia kisauti chako kidogo kikisema "Allô?"

Unajua barabara ya Beni mimi silali. Tangu ulipozaliwa sijawahi kulala kwenye barabara ile, nahesabu kona, natazama vichaka kwa hofu ya wenye bunduki. Siku ile nililala toka tunatoka mpaka dereva ananigusa bega tumefika Butembo. Alidhani naumwa. Nilishuka nikanunua mikate ya moto nikala nimesimama, shati limejaa makombo, mzee mzima wa kanisa, na sikujali nani ananiona. Mama yako nilimwambia jioni ileile. Akanipa chakula kidogo kuliko kawaida, nami nikakipokea. Wazee wenzangu niliwaambia baada ya ibada. Mmoja akauliza kama natafuta kujiuzulu. Nikamwambia hapana, natafuta usingizi.

Sina mafundisho, Kavira. Kazi unaijua, na mengine yote niliyokuwa nayo nilikupa, mabaya na mazuri. Utakosea na wewe, maana standard ina majina mengi na siku za mvua ni nyingi. Likiwa lako, liseme. Lakini lisipokuwa lako usilibebe tena, hata la mtu unayempenda, hata langu. Hasa langu. Mtu anayekubebea kosa anakufundisha kunyamaza, na mimi sikuhitaji somo hilo mara ya pili.

Mama Masika anataka sauti yako irudi, hilo atakwambia mwenyewe, na kuikubali au kuikataa ni juu yako. Kitu kingine hatakwambia, kwa hiyo nakwambia mimi. Amefungua depo ya pili, na simu zake utazifunga wewe, kwa mpango wako, majina au kazi, unavyotaka. Mimi nitakuja Jumamosi kukusaidia kubeba ngazi. Hilo ndilo sharti lake kwangu, nami nililikubali kabla hajamaliza kulisema. Usinionee huruma mbele ya akina Kambale. Nikichelewa, nigombeze.

Nimekuandikia badala ya kukuambia kwa sababu mdomo huu ulikuwa na nafasi yake siku ile na ukaikosa, na mpaka leo siuamini. Nimemwambia Mama Masika, nimewaambia akina Kambale, mama yako, wazee wa kanisa. Wewe umekuwa wa mwisho kuambiwa, na ni wewe uliyestahili kuwa wa kwanza. Nilikuacha, mwanangu, useme kosa langu kwa kinywa chako, nikakaa nikitazama.

Nisamehe.

Papa yako,
Mumbere